Seva moja, wateja watatu, na Nginx mlangoni

"Binti, hizo nukta mbili zinafuatana au zimepandana?"

Aliyeniuliza ni mhazini wa kikundi cha wakulima wa zabibu huko Mpunguzi, mzee ninayemheshimu sana. Alikuwa anajaribu kuandika kwenye simu yake anwani inayoishia na :3000. Zimepandana, mzee wangu. Akaandika, ikagoma, kwa sababu kabla ya ile namba aliruka nafasi. Nikamtumia linki kwa WhatsApp ili yaishe. Kwake ikafunguka. Kwa mwanawe, aliyeko ofisini Mtumba, ikazunguka weee mpaka akachoka, kwa kuwa mtandao wa ofisi yao unaruhusu kwenda nje kwa poti 80 na 443 tu, yaani milango ya kawaida ya tovuti, na ile 3000 ni poti nyingine. Na ofisi za namna hiyo ziko nyingi mjini hapa Dodoma.

Tovuti yenyewe haikuwa na tatizo. Inaonyesha bei ya zabibu kwa kilo, picha za mashamba, na orodha ya wanunuzi ambayo wanachama huiona baada ya kuingia kwa neno la siri. Kijana aliyeiandika kwa Node (JavaScript ya upande wa seva) aliiacha imeketi wazi kwenye poti 3000, akapata kazi Dar, akahama. Mimi nimeirithi. Kwenye mashine hiyohiyo nina wateja wengine wawili: lodge moja ya Area C yenye fomu ya kuweka nafasi, iliyoandikwa kwa Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti), na fundi wa kuchomelea mageti Kizota ambaye tovuti yake ni picha tupu na namba ya simu. Mashine ni ya kukodi, iko Ulaya, ina RAM ya GB 2 na anwani moja ya IP. Kuwakodia watatu hawa kila mmoja mashine yake ni hasara ambayo hakuna hata mmoja wao angekubali kuilipa.

Sasa, poti 80 kwenye anwani moja inashikwa na programu moja tu. Zabibu wakiishika, lodge wanakosa. Ndiyo maana unaweka rivasi proksi: programu moja inasimama mbele, inashika poti 80 na 443 kwa niaba ya wote, inasoma jina la tovuti ambalo mgeni ameliomba, halafu inalipeleka ombi kwa programu husika iliyoko nyuma. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyohiyo. Kama umewahi kupeleka barua kwenye wizara yoyote hapa Dodoma, umeshaliona hili kwenye masijala. Hupandi moja kwa moja mpaka mezani kwa mkurugenzi. Unaacha barua chini, inapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, inaandikwa imetoka kwa nani na lini, ndipo inapandishwa. Mkurugenzi hakuoni. Anachojua kukuhusu ni kile tu ambacho masijala wamekiandika juu ya jalada.

Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanapopita mbio. Kusimamisha Nginx, ambayo ndiyo rivasi proksi yangu, ni dakika kumi. Kinachohitaji akili ni kuhakikisha programu ya nyuma inaambiwa ukweli kuhusu mgeni aliyeko mlangoni, na kwamba hakuna mlango wa uani ulioachwa wazi.

Natumia Nginx kwa mazoea zaidi kuliko kwa itikadi. Iliandikwa na Igor Sysoev, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Rambler, akaitoa hadharani mwaka 2004. Lengo lake lilikuwa seva moja kumudu maelfu ya wageni kwa wakati mmoja bila kumeza kumbukumbu yote, na kwa mashine ya GB 2 hilo si jambo dogo. Kama tayari una Apache, inaweza kazi hii pia kwa moduli yake ya mod_proxy, usihame kwa sababu ya mitindo. Kama unaanza upya na una tovuti moja tu, nakushauri kwa moyo mweupe uangalie Caddy, proksi nyingine ambayo faili lake zima linaweza kuwa hivi:

```
lodge.mfano.co.tz {
    reverse_proxy 127.0.0.1:8000
}
```

Na cheti cha https, cha kusimba mawasiliano, inajitafutia yenyewe. Mimi nimebaki na Nginx kwa kuwa fundi yeyote atakayenirithi, kama mimi nilivyomrithi yule kijana, ataifahamu.

Mashine yangu ni Ubuntu 24.04. Nginx inaingia kwa amri moja, `sudo apt install nginx`. Halafu kwenye `/etc/nginx/sites-available/` natengeneza faili liitwalo `zabibu`. Majina ya domeini nimeyabadilisha, mengine yako kama yalivyo:

```
server {
    listen 80;
    server_name zabibu.mfano.co.tz;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:3000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Kisha:

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/zabibu /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

Ile `nginx -t` inasoma mipangilio na kukuambia kama umesahau nukta mkato, kabla hujawagusa wateja. Na `reload` si sawa na `restart`. Kwenye kupakia upya, wafanyakazi wa zamani wa Nginx wanamalizia maombi waliyonayo mkononi huku wapya wakianza na mipangilio mipya, kwa hiyo mgeni wa lodge aliyekuwa katikati ya kujaza fomu hashtuki.

Huna haja ya kusubiri domeini isambae ndipo ujaribu. Jidanganyie jina:

```
curl -H "Host: zabibu.mfano.co.tz" http://ANWANI_YA_SEVA/
```

Ukurasa wa zabibu ukirudi, mlango unafanya kazi. Lodge unawaandikia faili la namna hiyohiyo, jina lao na poti 8000. Fundi wa mageti hahitaji hata `proxy_pass`: picha zake Nginx inazitoa moja kwa moja kutoka kwenye folda kwa `root`.

Sasa turudi kwenye ile mistari minne ya heda, yaani maelezo yanayosafiri pamoja na ombi kama yale ya juu ya jalada, ambayo watu wanainakili bila kuisoma.

Wa kwanza ni Host. Usipouandika, Nginx inapeleka nyuma jina la pale inapoelekea, yaani 127.0.0.1:3000, badala ya jina aliloliomba mgeni. Tovuti nyingi hazitalalamika, zitafunguka vizuri tu. Madhara utayaona baadaye, pale programu inapotaka kujitungia linki. Lodge hutuma barua pepe ya kuthibitisha nafasi, na ndani yake kuna kitufe. Programu ikidhani jina lake ni 127.0.0.1:8000, mgeni anayetoka Arusha anabonyeza kitufe hicho, na simu yake inaanza kujitafuta yenyewe. Django wenyewe wana ulinzi wa `ALLOWED_HOSTS` unaokataa jina geni kwa kosa la 400, na watu wengi wakikutana na kosa hilo wanaweka nyota ili lipite. Usiweke nyota. Peleka jina sahihi.

Wa pili na wa tatu ni wa anwani ya mgeni. Hapa nataka nikae kidogo.

Yule kijana aliweka ulinzi mzuri kwenye ukurasa wa kuingia: ukikosea neno la siri mara tano, anwani yako inafungiwa kwa nusu saa. Programu ilipokuwa inakutana na intaneti uso kwa uso, kila mwanachama alikuwa na anwani yake. Weka proksi mbele, na ghafla kila anayekuja anatokea 127.0.0.1, kwa sababu kwa macho ya Node anayegonga ni Nginx peke yake. Kabla sijawafungulia wanachama nilijaribu makusudi: nikakosea neno la siri mara tano kwenye simu yangu, halafu nikajaribu kuingia kwa neno sahihi kwenye kompyuta inayotumia mtandao mwingine kabisa. Nikafungiwa. Maana yake, mkulima mmoja wa Hombolo akisahau neno lake la siri siku ya bei mpya kutoka, kikundi kizima kinakaa nje.

Nginx inapeleka anwani halisi kwenye heda, lakini programu lazima iambiwe kuziamini hizo heda. Kwenye Express, maktaba ya Node ya kutengeneza tovuti, ni mstari mmoja:

```
app.set('trust proxy', 'loopback');
```

Neno `loopback` pale lina uzito wake. Linasema: amini heda hizi zikiletwa na jirani wa mashine hiihii, basi. Ukiweka `true` kama mifano mingi inavyofanya, programu itaamini chochote kilichoandikwa mwanzoni mwa X-Forwarded-For, na heda hiyo mgeni mwenyewe anaweza kuja nayo ameshaijaza. Ile `$proxy_add_x_forwarded_for` haifuti alichokuja nacho mgeni. Inaongeza tu anwani ya kweli mwishoni. Kwa hiyo mjanja anaweza kujipa anwani mpya kila anapobahatisha neno la siri, na ulinzi wa mara tano unakuwa pambo. X-Real-IP ni tofauti, inaandikwa upya na `$remote_addr` kila mara, ndiyo maana naipenda zaidi kwa mashine yenye proksi moja tu mbele.

Hata baada ya hapo sikuridhika. Hapa kwetu watu wengi wanaingia kwa simu, na mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Wanachama wawili wanaotumia laini za kampuni moja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja bila kosa la mtu yeyote. Kwa hiyo hesabu ya mara tano nimeihamishia kwenye namba ya simu ambayo mwanachama anaitumia kuingia, na anwani nimeiwekea kikomo kikubwa zaidi cha kuzuia roboti tu. Ushauri wa kufungia kwa anwani umeandikwa na watu ambao kila nyumba ina intaneti yake ukutani.

Heda ya nne, X-Forwarded-Proto, haina kazi mpaka uweke cheti. Basi tuweke cheti.

```
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d zabibu.mfano.co.tz
```

Cheti kinatoka Let's Encrypt, bure, kinadumu siku 90. Certbot inaingia yenyewe kwenye faili ulilotengeneza, inaongeza sehemu ya poti 443, na kuwaelekeza wanaokuja kwa 80 waende huko. Kabla ya kutoa cheti, Let's Encrypt wanahakiki kwamba domeini ni yako, na kwa njia hii wanakuja kwa poti 80, kwa hiyo usiifunge ukidhani sasa haina kazi. Kuhuisha ni kwa kujiendesha, lakini hakikisha kwa `sudo certbot renew --dry-run`, na utazame kwa `systemctl list-timers` kama saa yake ipo. Zamani cheti kikikaribia kuisha ulikuwa unapata barua pepe ya kukumbushwa. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt wameacha kuzituma, kwa hiyo usikae unasubiri barua. Mimi nimeweka kikumbusho kwenye simu, cha kizamani, kinaniita kila mwanzo wa mwezi.

Kwenye seva, usimbaji unaishia kwa Nginx. Kutoka Nginx kwenda Django ni http ya kawaida ndani ya mashine hiyohiyo, na hilo halina ubaya. Shida inakuja kama Django umeiambia ilazimishe https kwa `SECURE_SSL_REDIRECT`. Mgeni anakuja kwa https, Nginx inapeleka http, Django inaona http, inamjibu "nenda https". Mgeni anarudi kwa https, Nginx inapeleka http... Chrome inachoka na kuandika ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Mama mwenye lodge alishawahi kukutana na ujumbe huo kwa fundi wa kabla yangu, akaambiwa afute historia ya brauza. Akafuta, wageni wake nao wakaambiwa wafute. Wapi!

Dawa ni mstari huu kwenye mipangilio ya Django:

```
SECURE_PROXY_SSL_HEADER = ('HTTP_X_FORWARDED_PROTO', 'https')
```

Hapo Django inaisoma ile heda ya nne na kujua kwamba nje, kwa mgeni, ni https. Lakini umeona sasa umeiambia Django iamini heda, basi hakikisha hakuna anayeweza kuifikia bila kupita mlangoni. Ndio mlango wa uani nilioutaja.

Piga amri hii:

```
sudo ss -tlnp
```

Angalia safu ya anwani. Kwenye seva niliyorithi, Node ilikuwa imeandikwa `*:3000`, yaani inapokea kutoka popote duniani. Unaweza kuweka Nginx ya dhahabu mbele, na bado mtu akiandika IP na :3000 anaingia, bila cheti, na neno lake la siri linasafiri wazi. Nilibadilisha kwenye programu yenyewe:

```
app.listen(3000, '127.0.0.1');
```

Baada ya kuiwasha upya, `ss` ikaonyesha `127.0.0.1:3000`. Gunicorn inayoendesha Django ya lodge, usipoiambia vingine, inajifunga yenyewe kwenye 127.0.0.1:8000, kwa hiyo huko sikugusa. Juu yake faiwoli:

```
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Nginx Full'
sudo ufw enable
```

Kwa mpangilio huohuo, OpenSSH kwanza, usije ukajifungia nje ya seva iliyoko Ulaya ukiwa Nkuhungu.

Wanaotumia Docker wasikilize hapa: ukichapisha poti kwa `-p 3000:3000`, Docker inaandika kanuni zake kwenye iptables na ufw haina habari. `ufw status` itakuambia poti imefungwa, na nje iko wazi. Andika `-p 127.0.0.1:3000:3000` ulale usingizi.

Kuna mtego wa proksi ambao hauhusu usalama lakini umewatoa watu jasho: mkwaju (/) wa mwisho kwenye `proxy_pass`. Lodge walitaka menyu ya jikoni iwe chini ya anwani yao, kwenye /menyu/, ingawa ni programu nyingine iliyoko poti 8001. Ukiandika

```
location /menyu/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8001/;
}
```

mgeni akiomba /menyu/chakula, programu ya nyuma inapokea /chakula. Futa ule mkwaju baada ya 8001, na inapokea /menyu/chakula kama ilivyo. Herufi moja. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine, inategemea programu ya nyuma inatarajia nini. Ya menyu haikujua kabisa kwamba inaishi chini ya /menyu/, kwa hiyo mkwaju nikauacha. Zile heda nne nazo zirudie humo, au ziandike juu kwenye `server` ili `location` zote zizirithi. Kumbuka tu kwamba `location` ikishakuwa na `proxy_set_header` hata moja ya kwake, hairithi tena zile za juu.

Mengine nayapitia haraka. Nginx kwa kawaida inakataa ombi lenye mwili unaozidi MB 1, inarudisha kosa la 413. Picha moja ya shamba kutoka kwenye simu ya sasa inapita hapo bila jasho, kwa hiyo weka `client_max_body_size 10m;` kwa wakulima, vinginevyo watakuambia "picha hazipandi" na programu ya nyuma haitakuwa na kumbukumbu yoyote ya tukio, maana ombi halikuifikia. Kwa upande wa bando, Ubuntu huja na gzip ikiwa imewashwa lakini inabana HTML peke yake. Fungua `/etc/nginx/nginx.conf`, mstari wa `gzip_types` umefungwa kwa alama ya reli (#), uondolee alama hiyo ili CSS, JavaScript na JSON nazo zibanwe. Orodha ya bei ni JSON yenye maneno yanayojirudia, inabanika sana. Na picha za fundi wa mageti weka `expires 30d;`, mteja anayerudi kutazama geti lilelile asilipie picha ileile tena.

Jambo la mwisho la kiufundi ni siku programu ya nyuma ikifa. Nginx ipo hai, inagonga, hakuna anayeitikia, inamwonyesha mgeni 502 Bad Gateway kwa Kiingereza kwenye ukurasa mweupe. Kwenye `/var/log/nginx/error.log` utakuta:

```
connect() failed (111: Connection refused) while connecting to upstream
```

Hiyo ni programu imelala, nenda ukaiangalie yenyewe, Nginx haina kosa. Ukikuta 504 badala yake, programu iko macho ila inachelewa, Nginx imengoja sekunde 60 za kawaida ikakata tamaa. Ukitaka kuongeza `proxy_read_timeout` ongeza, ila kwa maoni yangu ukurasa wa bei unaohitaji zaidi ya dakika moja una ugonjwa kwenye hifadhidata.

Mzee wa Mpunguzi hawezi kujua 502 ni nini, na hana sababu ya kujua. Nimeandika ukurasa mdogo, nikauweka kwenye folda isiyotegemea Node wala Django:

```
error_page 502 503 504 /samahani.html;
location = /samahani.html {
    root /var/www/samahani;
    internal;
}
```

Ndani yake kuna sentensi mbili za Kiswahili, kwamba tovuti inafanyiwa matengenezo na bei ya leo unaweza kuipata kwa kumpigia katibu. Umeme wa seva unaweza kuwa wa Ulaya, lakini programu zinaanguka popote. Siku ilipotokea, kumbukumbu ikajaa kwenye mashine na Node ikauawa, simu nilizopigiwa zilikuwa za kuuliza matengenezo yanaisha lini. Hakuna aliyedhani ameibiwa.

Pia nina kipande kimoja kwa ajili ya wanaogonga IP bila jina:

```
server {
    listen 80 default_server;
    server_name _;
    return 444;
}
```

444 ni namba ya Nginx wenyewe: kata mawasiliano bila kujibu neno. Usipoweka `default_server`, Nginx inachukua tovuti ya kwanza iliyoisoma na kuwapa wote wasio na jina, na roboti zinazozunguka zikitafuta /wp-login.php zitaishia kwa wakulima wangu ambao hata WordPress hawaijui. Ubuntu inakuja na faili lake la `default` ndani ya `sites-enabled` lenye `default_server` tayari, kwa hiyo liondoe kwanza, la sivyo `nginx -t` itakataa kwa kuwa haiwezi kuwa na wawili. Kwenye 443 kuna hadithi nyingine kidogo ya cheti, ila kwa Nginx ya 1.19.4 kuja juu unaandika `ssl_reject_handshake on;` kwenye kipande cha namna hii cha 443 na imetosha.

Mhazini sasa anaandika anwani ya kikundi bila namba, na mwanawe anaifungua ofisini. Wa nne yuko njiani: mwenye stationery ya Chang'ombe anataka watu watume mafaili ya kuchapisha kabla hawajafika dukani. Poti yake itakuwa 3001, `client_max_body_size` nitampa 50m kwa sababu ya wale wanaotuma tasnifu zenye picha, na faili lake la Nginx nimeshaliandika lote isipokuwa mstari wa `server_name`. Jina la domeini yeye na mkewe bado hawajakubaliana.